Je, Wajua? Maji Yasiyofika Kuchemka Huzalisha Umeme

Wakazi wa Bahati, kaunti ya Nakuru, ni majirani wa kreta ya Menengai, ambako Kampuni ya Maendeleo ya Jotoardhi (GDC) ilianza kuchimba visima vya mvuke mwaka 2011. Mvuke wa huko una nguvu ya kuzungusha mitambo ya umeme moja kwa moja. Je, pale ambapo ardhi hutoa maji ya moto tu?

Hapo hutumika ujanja mzuri sana. Maji hupitishwa kwenye mabomba yanayopasha kimiminika kingine, kwa mfano pentani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 36 tu za Selsiasi. Mvuke wa pentani ndio unaozungusha mtambo. Kisha hupozwa, hurudi kuwa kimiminika na kupashwa tena. Pentani haikutani kamwe na maji ya kisimani. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, kampuni ya Ormat imekuwa ikitumia mbinu hii tangu mwaka 2000, ingawa joto la huko ni kali.

Waafrika wa kwanza kuona umeme wa jotoardhi, hata hivyo, walikuwa Wakongo. Mwaka 1952 kituo kidogo cha Kiabukwa, Katanga, kilitumia maji ya nyuzi 91 hivi. Huko Chena, Alaska, nyuzi 74 zimetosha tangu mwaka 2006.

Joto la chini hutoa umeme kidogo. Sehemu kubwa ya joto hilo hubaki. Si la kutupwa: huko Menengai, GDC imeshalijaribu kuchemshia maziwa na kukaushia nafaka, kazi zinazomfaa kabisa mkulima wa Bahati.