Fundi Mzuri, Nani Anamjua?

Katika grupu la WhatsApp la mtaa wowote wa Dar es Salaam, kuanzia Sinza hadi Gongo la Mboto, kuna ujumbe ambao haukawii kurudi: "Habari za asubuhi majirani. Naomba namba ya fundi friji, ila awe mwaminifu." Dakika tano hazipiti, namba nne zimeshamiminika. Mmoja ameandika "huyu hana mpinzani", mwingine katuma namba kavukavu bila neno, wa tatu anasema "nicheki pembeni". Aliyeuliza sasa ana namba nne na tatizo lilelile: amwite nani?

Wachumi walishalifanyia kazi tatizo hili. Mwaka 1970 Phillip Nelson aligawa bidhaa katika mafungu mawili. Kuna zile unazoweza kuzipima kabla hujatoa hela, kama kitenge au ndoo ya plastiki. Na kuna zile ambazo ubora wake huujui mpaka uzitumie, kama wali wa mama lishe aliyefungua jana. Miaka mitatu baadaye Michael Darby na Edi Karni wakaongeza fungu la tatu, lenye kuudhi kuliko yote: huduma ambayo hata ukishaitumia, bado hujui kama ulichouziwa ndicho ulichokihitaji. Fundi friji yumo humo. Anageuza friji, anagonga kompresa, anatikisa kichwa: "Gesi imeisha, bosi." Nani ameiona gesi? Unalipa, friji inaganda, unashukuru. Kama kilichokuwa kibovu ni kijiwaya cha bei ya soda, hutakaa ujue. Fundi gari yumo fungu hilo, daktari wa meno yumo, na mwalimu wa tuisheni yumo zaidi ya anavyopenda kukiri.

Kwa ndoo humhitaji jirani, macho yako yanatosha. Kwa wali, hasara ni ya mlo mmoja. Ila kwa fungu la tatu mteja ni kipofu, na upofu huo una gharama kwa mtaa mzima. George Akerlof aliieleza gharama hiyo mwaka huohuo wa 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika Marekani, katika makala iliyokuja kumpa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Hoja yake ni nyepesi kuifuata. Mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibovu, hulipa bei ya wastani. Bei hiyo haimlipi mwenye kizuri, kwa hiyo anaondoka sokoni. Wanaobaki ni wenye vibovu. Fundi anayefunga spea halisi na kutumia nusu siku kwenye kazi moja hushindwa bei na yule anayefunga feki na kumaliza kwa saa moja. Pasipokuwa na mtu wa kusema nani ni nani, yule wa kwanza atajifunza ujanja au atakwenda kuendesha bodaboda.

Mdomo wa jirani ndio unaomzuia fundi huyo asiende. Lakini tuangalie vizuri mdomo huo unafanya nini, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Jirani hajui friji kuliko wewe. Naye aliambiwa gesi imeisha, naye akalipa. Anapokupa namba ya fundi, utaalamu hakupi. Anachokupa ni dhamana. Kesho mtakutana dukani kwa Mangi, keshokutwa kwenye foleni ya maji, Jumamosi kwenye msiba. Kama alikuletea tapeli, uso wake una hasara. Na fundi mwenyewe anajua kwamba alikuja kwa jina la mtu: akiharibu kwako, mlango wa aliyempeleka umefungwa, na pengine milango mingine mitano ya jirani. Kinachofanya ushauri wa jirani uwe na thamani ni kwamba watu wale wale watakutana tena na wanajua hivyo.

Ukilikubali hilo, utaelewa pia kwa nini grupu likikua sana huanza kupwaya. Chukua watu 10 wanaojuana: kuna jozi 45 za watu wanaoweza kusalimiana kwa jina na kudaiana maelezo. Hao mtu mmoja anaweza kuwabeba kichwani. Ni kipimo ambacho siasa zetu zilikigusa mapema. Katikati ya miaka ya 1960 chama cha TANU kiliwagawa watu kwa mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na mjumbe wake, na Kenya ikaliazima wazo hilo pamoja na jina lake mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi. Lengo la huku na kule lilikuwa siasa na usalama, wala sitetei kila kilichofanywa kwa jina la nyumba kumi. Ila ukubwa ule ulikuwa na akili.

Sasa grupu. WhatsApp ilikuwa ikiruhusu watu 256 katika kundi moja. Mwaka 2022 ikapandisha hadi 512, kisha 1,024. Kundi lililojaa kiasi hicho lina jozi 523,776. Hakuna binadamu wa kuzijua. Humo ndani kuna fundi mwenyewe aliyejiunga kwa namba ya shemeji yake na kujisifia kama mteja. Kuna aliyehama mtaa zamani akasahau kujitoa. Kuna anayelipwa cha juu kwa kila kichwa anachopeleka, jambo ambalo si dhambi, ila hubadili maana ya sifa zake. Wote wanaandika "huyu hana mpinzani" kwa herufi zilezile, na skrini haikuonyeshi nani utakutana naye kesho.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "nani ana namba?" Namba zipo nyingi kuliko mafundi. Uliza: alikufanyia kazi gani, lini, na baada ya hapo kifaa kilikaa muda gani bila kusumbua? Maswali hayo matatu yanampunguza msifiaji wa kulipwa, kwa sababu yanadai habari ambayo mtu hupata kwa kuishi na matokeo tu. Friji iliyotengenezwa wiki iliyopita haijathibitisha kitu. Iliyopita misimu miwili ya joto imethibitisha. Ongeza swali la nne kama unaweza: alipokosea, alirudi? Fundi asiyekosea sijamwona. Yule anayerudi bila kudai nauli upya ndiye wa kuwekewa namba yake.

Kisha jifunze kusoma ukimya. Sifa hutolewa hadharani, lawama hunong'onwa. Mtu aliyeliwa hela ya vifaa na fundi bomba hataandika hivyo mbele ya watu mia nne wakati mjomba wa fundi yumo humo humo. Tena kuna sheria: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayechapisha habari anazojua ni za uongo kwa nia ya kumchafua mtu au kupotosha umma, na hata mwenye ukweli wake hapendi kuitwa kituoni kuuthibitisha. Matokeo yake ni ubao wa matangazo wenye upande mmoja. Ukiona namba ya fundi imetajwa na mtu mmoja kwa shangwe na wengine wote, ambao kwa kawaida hawana breki, wamenyamaza, mpigie mmoja wa walionyamaza. "Nicheki pembeni" ya yule mtu wa tatu mara nyingi ndiyo yenye habari yote.

Hadi hapa nimemsifu mtu wa karibu. Kuna jambo moja ambalo kwalo wa karibu hafai kitu, nalo ni nafasi: chumba kinachopangishwa, kazi, kiwanja, kiti kwenye shule inayopokea watoto katikati ya muhula. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti alioufanya Newton, karibu na Boston, kwa watu wa kazi za kitaaluma waliokuwa wamebadili ajira siku za karibuni. Aliwauliza wale waliopata kazi kupitia mtu: huyo mtu mlikuwa mnaonana kiasi gani? Waliomtaja mtu wa kuonana naye mara kwa mara, angalau mara mbili kwa wiki, hawakufika 17 katika kila 100. Karibu 28 walimtaja mtu ambaye huenda hata mara moja kwa mwaka hawaonani. Waliobaki walikuwa katikati. Sababu ni ya kawaida kabisa. Rafiki yako wa damu anajua unayoyajua, kwa sababu mnakaa kibaraza kimoja na mnasikia habari zilezile. Habari mpya iko kwa mtu ambaye duara lake si lako.

Ndiyo maana anayetafuta chumba Tabata kwa kuwauliza ndugu zake Tabata huishia kwa dalali. Dalali hana nyumba. Ana kujuana kwa juujuu na watu wengi mno, na kujuana huko ndiko anakokuuzia kwa kodi ya mwezi mmoja, mbali na hela ya kukuzungusha. Wengi humtukana. Mimi namwona kama mtu anayeishi kwenye pengo tulilomwachia, maana mwenye nyumba na mpangaji hawana mahali pa kukutana bila yeye. Lakini kumbuka yupo upande gani wa hesabu: habari anayo, dhamana hana. Hutakutana naye tena, na yeye analijua hilo vizuri kuliko wewe. Chumba akuonyeshe yeye. Kama maji yanatoka, kama mwenye nyumba ana maneno, kama mvua ikinyesha uani panakuwa bwawa, hayo muulize mpangaji wa chumba cha pili, akiwa peke yake.

Wapo wachache wenye vyote viwili, habari na dhamana. Jane Jacobs, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu miji ya Marekani, aliwatambua kwenye mtaa wake wa Hudson, New York: wenye maduka madogo, ambao wakazi waliwaachia funguo za nyumba ili mgeni akifika azichukue. Mwenye duka hakuuliza mgeni ni nani. Huo ndio ustadi wenyewe, kujua mengi na kuuliza machache. Sisi tuna Mangi. Katika Dar es Salaam jina hilo limeshaacha kuwa la Wachaga. Hata muuza duka Mnyakyusa huitikia. Mangi anajua nani anahama mwisho wa mwezi, fundi gani huchukua hela akapotea, nani anatafuta dada wa kazi. Hakutani na watu kwa undani, hukutana nao wote. Na hawezi kukimbia, bidhaa zake zipo pale. Mtu mgeni mtaani angefanya vizuri kununua sabuni kwake mara kadhaa kabla ya kuomba kuingizwa kwenye grupu lolote.

Mbali na fundi na chumba, mtaa hupitisha pia habari za dharura, nazo zina mwendo wake. Gordon Allport na Leo Postman, mwaka 1947, walisema nguvu ya uvumi hutokana na mambo mawili yanayozidishana: jambo lina uzito gani kwa watu, na ushahidi wake una utata kiasi gani. Moja likiwa sifuri, uvumi haupo. Oktoba 2022, kina cha maji cha Mto Ruvu kilipopungua na mgao ukatangazwa Dar es Salaam, jambo lilikuwa zito kwa kila mtu, na penye ratiba isiyoeleweka uvumi ulikuwa na pa kukaa. Dawa ya hali hiyo haiko kwa admini mkali. Iko kwa anayeandika "kwetu yameanza kutoka saa kumi alfajiri, presha ndogo", kwa sababu anapunguza utata kwa kitu alichokiona. Ujumbe wa aina hiyo unastahili asante kuliko unavyopewa.

Ule wa "watoto wanaibiwa, tuma kwa magrupu yote" ni kinyume chake: uzito wa juu kabisa, ushahidi hakuna. Nchini India mwaka 2018 uvumi wa namna hiyo ulisababisha wapita njia wasio na hatia kuuawa na makundi ya watu, na WhatsApp ikalazimika kuweka kikomo cha kusambaza ujumbe uliopokewa kwa watu au makundi matano kwa wakati mmoja, kwanza huko, kisha dunia nzima Januari 2019. Simu isilaumiwe peke yake. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, jini aliyesemekana kuwavamia watu usiku, ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakilala nje kwa makundi, na hapakuwa na grupu hata moja. Jambo la kuuliza ni dogo: mtaa gani, saa ngapi, nani aliyeona mwenyewe? Ujumbe usio na hata kimoja kati ya hivyo uishie kwenye simu yako.

Limebaki suala la nani yumo na nani hayumo. Magrupu mengi ya mitaa niliyoyaona ni ya wenye nyumba, hasa kule kwenye nyumba za mageti. Wapangaji huambiwa wapitishe maneno yao kwa mwenye nyumba. Dada wa kazi hawamo kabisa, na hapo mtaa unajinyima shahidi wake bora. Mwenye nyumba aliyeandika "huyu fundi hana mpinzani" alikuwa kazini Posta siku fundi alipokuja. Aliyekuwa nyumbani ni dada. Yeye ndiye aliyemwona fundi akifika saa tano badala ya saa mbili, akilala chini ya mwembe hadi adhuhuri, akiazima bisibisi ya jirani. Au aliyemwona akitoa kifaa kibovu na kukiweka mezani ili bosi akirudi akione. Hajaulizwa, na kwenye grupu hana namba.