Maji ya Mtaro wa Kawangware 56 Huenda Wapi?

Kila asubuhi katika steji ya Kawangware 56, kazi huanza kwa maji. Mwenye hoteli anasuuza sufuria, mama mboga anaosha sukuma wiki, kijana wa kuosha magari anafungua mpira, na nyuma ya ploti mtu anamwaga karai la maji ya kufulia. Maji hayo yote huingia mtaroni, na yakishapita kona tunayasahau. Makala haya yanayafuata hadi mwisho wa safari yake, kisha yanaeleza nani anawajibika kwa lipi na wewe mkazi unaweza kufanya nini.

Mtaro si bomba la maji taka

Wengi huchanganya vitu hivi viwili. Bomba la maji taka hupeleka uchafu kwenye mitambo ya kusafisha iliyoko Kariobangi na Ruai. Mtaro wa kando ya barabara ulichimbwa kwa ajili ya maji ya mvua, na maji yake hayasafishwi mahali popote. Yanateremka moja kwa moja hadi mtoni. Kwa hivyo choo kinachofunguliwa mtaroni usiku wakati wa mvua, au chemba iliyofurika bila kuzibuliwa, ni sawa na choo kilichojengwa juu ya mto.

Kutoka Kawangware, maji huteremka kwenye Mto Nairobi wenyewe, unaoanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, Kaunti ya Kiambu, au kwenye vijito vya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo vinavyopitia Lavington, Kilimani na Kileleshwa. Mto huo hupita Chiromo, ukafika katikati ya jiji karibu na mzunguko wa Globe, ukaendelea Gikomba na kando ya jaa la Dandora. Mbele zaidi unaingia Mto Athi. Athi ndio huo huo unaoitwa Galana ukishuka, na Sabaki ukikaribia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Njiani kuna wakulima na wafugaji wanaoutegemea. Tunachomwaga hapa kuna mtu anakinywesha ng'ombe kule chini.

Bwawa lililogeuka shamba la gugumaji

Majirani zetu wa Kibera wana mfano ulio wazi zaidi. Kijito cha Motoine hupita pembeni mwa mtaa wao na kuingia Bwawa la Nairobi, kisha hutoka kikiitwa Mto Ngong na kuelekea Eneo la Viwanda na Mukuru. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 ili liwe akiba ya maji ya jiji. Wazee wanakumbuka mashua za tanga na watu wakivua samaki hapo. Baadaye sehemu kubwa ilijaa tope na kufunikwa na gugumaji. Mmea huo hustawi kwa mbolea, na mbolea yake ni kinyesi na sabuni vinavyoletwa na maji. Ukiung'oa bila kuziba chanzo cha uchafu, utaota tena.

Mto hufa vipi?

Samaki na wadudu wa majini hupumua hewa ya oksijeni iliyomo ndani ya maji. Kinyesi, mabaki ya chakula na damu ya machinjio vikiingia mtoni, bakteria huanza kuvila, na katika kuvila hutumia oksijeni hiyo. Mzigo ukiwa mdogo, mto hujisafisha wenyewe baada ya mwendo fulani. Mzigo ukizidi, oksijeni huisha, maji huwa meusi, na ile harufu ya yai bovu huanza. Harufu hiyo ni dalili kwamba mto umekosa pumzi.

Kuna uchafu mwingine usiooza. Oili chafu ya gereji, rangi, asidi ya betri na madini kama risasi hukaa kwenye tope miaka mingi. Mboga zinazomwagiliwa maji hayo zinaweza kufyonza madini hayo, na kuchemsha hakuyaondoi. Kuhusu vijidudu, kila mkazi anajua kipindupindu na homa ya matumbo ni nini. Bomba la maji safi lililopasuka likipita ndani ya mtaro, presha ikishuka, uchafu wa mtaroni huingia ndani yake. Ndiyo maana mifereji mingi ya plastiki inayopitishwa mitaroni mitaani kwetu ni hatari hata kama maji yanayotoka yanaonekana masafi.

Ukingo wa mto una mwenyewe

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza ujenzi katika ukingo wa mto kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, kwa kutegemea kiwango cha juu kabisa ambacho mafuriko yamewahi kufika. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 tuliona sababu yake. Mito ilifurika, watu walipoteza maisha Mathare na kwingineko, na familia nyingi ziliondolewa kando ya mito. Kuondolewa huko kuliacha machungu, hasa kwa waliolipa kodi kwa miaka bila kuambiwa kwamba nyumba ilisimama kwenye njia ya maji. Kabla ya kukodi chumba au kununua kipande cha ardhi bondeni, uliza ukingo wa mto unaishia wapi.

Nani anawajibika kwa lipi

Maji Nairobi hushughulikia maji safi na mabomba ya maji taka. NEMA, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, hutoa leseni kwa wanaomwaga maji machafu na kuwashtaki wanaokiuka. Mamlaka ya Rasilimali za Maji husimamia mito. Kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, inawajibika kwa ukusanyaji wa taka, majaa, mitaro ya maji ya mvua na huduma za usafi.

Hatuwezi kumwambia mkazi asitupe taka mtaroni ilhali gari la taka halifiki kwake. Njia nyingi za Kawangware na Kibera ni nyembamba kwa lori, nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la maji taka, na jaa la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka 2001 lakini bado linatumika. Hayo ni madeni ya serikali, na mkazi ana haki ya kuyadai.

Pia tumejifunza kutokana na juhudi za awali. Mwaka 1999 mpango wa bonde la Mto Nairobi ulianzishwa kwa msaada wa UNEP. Kuanzia 2008, waziri John Michuki aliongoza usafishaji ambao wengi wanaukumbuka, na bustani iliyo kando ya mto karibu na Globe ina jina lake. Mwishoni mwa 2022 iliundwa Tume ya Mito ya Nairobi, na vijana wameajiriwa kuzoa taka kingoni. Kila awamu imeacha jambo jema, lakini uchafu hurudi pale ambapo kingo zinasafishwa na mabomba ya kando yanaachwa yakimwaga.

Unachoweza kufanya

Mpangaji: muulize mwenye nyumba choo kinamwaga wapi. Ni swali la haki, si la ugomvi. Maji ya kufulia yamwage kwenye chemba, si mtaroni.

Mwenye nyumba: ita gari la kunyonya uchafu kabla shimo halijajaa. Kufungulia choo mtaroni wakati wa mvua ni kosa la jinai.

Mwenye gereji: weka oili chafu kwenye mtungi na umuuzie mnunuzi aliye na leseni.

Ukiona chemba inafurika au bomba linamwaga mtoni, andika mahali, tarehe na saa, piga picha, kisha upeleke ripoti kwa Maji Nairobi, kwa afisa wa mazingira wa wadi yako au kwa NEMA. Omba nambari ya malalamiko na uifuatilie. Ukikosa jibu, uliza mbele ya watu katika baraza au kikao cha maoni kuhusu bajeti. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani hata kama hujathibitisha kwamba wewe binafsi umeumia.

Mvua ya masika huanza Machi. Mitaro inayozibuliwa kabla ya hapo haiwafuriki watu vyumbani, kwa hivyo anzeni kuuliza wadini mwenu sasa ni lini yenu itazibuliwa.