Siha Baada ya Kupasuliwa Ubongo

Aghalabu jamaa wa mgonjwa aliyetolewa uvimbe wa ubongo huuliza swali moja tu, "Je, umetoka wote?", na swali hilo ni la haki, ila halitoshi, kwani mtu hapasuliwi ili apigwe picha safi, bali hupasuliwa ili ayarudie maisha yake, na maisha ya mtu wa mkoa wa Katavi hayako katika wodi za Muhimbili wala za Bugando, bali yako Inyonga, Karema, Mishamo na Mpanda mjini.

Matabibu wana mizani ya jambo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, pale David Karnofsky wa Marekani alipoweka kipimo kishukacho kutoka 100, yaani mzima asiye na lalamiko, hadi 0, yaani maiti. Na mwenye 70 ni yule ajihudumiaye mwenyewe, lakini kazi yake haiwezi. Baadaye wataalamu wa Ulaya waliona kuwa haifai tabibu peke yake kumhukumu mgonjwa, wakatunga hojaji ya maswali 30 kwa wenye saratani, na nyingine ya maswali 20 mahsusi kwa saratani ya ubongo, ambazo mgonjwa huzijibu mwenyewe. Ni kazi njema. Ila swali la kwanza kabisa humwuliza kama apata taabu kubeba mfuko mzito wa madukani au sanduku la safari, nami hujiuliza swali hilo lina maana gani kwa mrina asali.

Tumchukue basi mrina wa Inyonga, ambaye riziki yake i juu ya miti ya miombo, apandako na moshi mkononi. Uvimbe wake, tuseme, ulikuwa meninjioma, ule uotao katika utando uufunikao ubongo na ambao mara nyingi si saratani. Umetolewa, kidonda kimepona, anatembea, anakula, anasali. Lakini ubongo uliobanwa na kuguswa huacha kovu, na kovu hilo laweza kuzaa kifafa hata kwa mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kuanguka. Huyu asipande mti, asivue peke yake ziwani, wala asiachwe karibu na moto, mpaka tabibu amridhie. Hata hivyo, kumkataza mti pasipo kumpa nafasi nyingine katika biashara ile ile, kama kuchuja asali na kuiuza, ni kumwondolea uvimbe na riziki kwa pamoja.

Dawa za kifafa si ghali zote. Fenobabitali, dawa ya zamani, ndiyo aliyoitumia Daktari Louise Jilek-Aall huko Mahenge, karibu na mwaka 1960, kuwatibu watu ambao jirani zao waliogopa hata kula nao, wakidhani kifafa huambukiza. Hatari i katika kuikatiza: mwenye kuacha ghafla, kwa kuwa vidonge vimekwisha na mvua imeharibu njia, aweza kushikwa na kifafa kisichokoma. Kadhalika deksamethasoni, ipunguzayo kufura kwa ubongo, hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya tabibu, madhali mwili ulioizoea husahau kwa muda kujitengenezea homoni yake.

Kisha yako mambo yasiyoonekana. Uchovu wa mtu aliyepasuliwa ubongo waweza kudumu miezi, nao si uvivu. Na hasira au ubaridi wa mtu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo si jini wala husuda ya shemeji. Na lugha, ambayo nasikitika hutajwa kwa nadra! Mwenye lugha mbili akipotewa na maneno, si lazima zimrudie zote kwa mwendo mmoja. Bibi aliyepimwa kwa Kiswahili mjini na kuandikiwa kuwa hawezi kusema, pengine akisemeshwa Kikonongo, lugha ya kwao, na dada yake atajibu.

Kwa hiyo wewe unayemsindikiza mgonjwa wako, usikubali kupanda gari la kurudi Mpanda kabla hujaandikiwa jina la kila dawa, kiasi chake na siku yake ya kupunguzwa, na kabla hujajua itapatikana wapi hii iliyomo mfukoni itakapokwisha.