Shule shikizi
Shule shikizi ni shule ndogo nchini Tanzania inayofundisha watoto wa madarasa ya chini karibu na makazi yao, ikiwa chini ya shule mama iliyosajiliwa. Nyingi huanzishwa na wanakijiji ili watoto wasitembee mwendo mrefu au kuvuka mito na mapori.

Mwaka 2021 serikali ilipanga kujenga madarasa 3,000 ya shule hizo kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19.

Viwango vya taifa ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi na 25 kwa la awali, pamoja na tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25.

Mwalimu mkuu huwa shule mama, hivyo usimamizi wa kila siku ni mgumu. Hata hivyo, kwa kanuni za mwaka 2002, viboko hutolewa na yeye au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi; mwalimu wa kujitolea asiye na idhini hiyo haruhusiwi kuchapa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ukatili dhidi ya mtoto yeyote, na taarifa hupokelewa kwa simu namba 116.