Seva ya shule isiachwe mlango wazi

Ni dhahiri kwamba tarakilishi imekwisha kuingia katika maisha ya shule zetu. Alama za mitihani, karo na majina ya wanafunzi, ambayo zamani yalifungiwa kabatini mwa mwalimu mkuu, leo huhifadhiwa ndani ya seva. Kabati lilikuwa na kufuli. Je, seva inayo?

Swali hili lawahusu walimu na wanafunzi wa Mwingi sawasawa na wenzao wa Nairobi. Seva hupokea wageni kupitia milango yenye nambari. Wasomaji wa tovuti huingilia mlango wa 80 au 443, naye msimamizi, kwa kawaida, huingilia wa 22. Kupitia huo, fundi aliye jiji kuu aweza kutengeneza seva ya Mwingi bila kupanda matatu. Kwa mji ulio mbali hivyo na Nairobi, manufaa hayo si haba. Lakini mlango umpitishao fundi waweza pia kumpitisha mwizi.

Jambo hili si geni. Mnamo 1995, Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, alibuni njia ya SSH, ambayo huficha mazungumzo ya msimamizi na seva, baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa chuo hicho. Njia hiyo ingali inatumika kote duniani, na haiuzwi.

Hapa kwetu, Julai 2023, huduma za eCitizen zilivurugika baada ya mtambo kufurikwa na maombi ya makusudi. Bw Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa Habari wakati huo, alisema hakuna data iliyopotea. Hata hivyo, wananchi walitaabika.

Wapo watakaodai kwamba kazi hii ni ya kampuni, si ya shule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikubaliani nao: anayekusanya habari za watoto ndiye anayewajibika kuzilinda, hata akimwajiri mwingine kuzitunza. Na madhara ni makubwa. Mtu akiingia kwa jina la mwalimu na kubadilisha alama za mtahiniwa, hapatakuwa na wino mwekundu wa kumfichua.

Tiba yenyewe haihitaji mamilioni. Milango isiyotumika ifungwe. Neno la siri lililotoka kiwandani libadilishwe, au bora zaidi, msimamizi atumie ufunguo wa SSH. Programu zisasishwe, kumbukumbu za walioingia zisomwe kila juma, nakala zihifadhiwe mahali pengine. Mwalimu anapohamishwa, ruhusa yake iondolewe siku hiyo hiyo.

Kazi hizi zaweza kufundishwa darasani kwa tarakilishi moja kuukuu. Kijana wa Mwingi asifunzwe kubofya tu. Afunzwe pia kulinda. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.