Ufito Shingoni mwa Kibuyu: Upasuaji wa Sinasi ya Shavu kwa Endoskopi

Katika Kikalenjin kizungumzwacho Sosiot, Kaunti ya Kericho, neno sosiot hutaja mkindu na vilevile ufito wake uliopondwa ncha ukawa brashi ya kusafishia kibuyu cha mursik. Mwenye kibuyu hakipasui ili akioshe; hupitisha ufito shingoni. Upasuaji wa sinasi kwa endoskopi hufuata hoja iyo hiyo, na huenda mfano huu ukamfaa mwalimu wa istilahi kuliko fasili ndefu.

Sinasi ya shavu ni uwazi ulio ndani ya mfupa wa taya la juu, chini ya jicho na juu ya mizizi ya magego. Tundu lake liko juu, kama mdomo wa kibuyu, nalo hufungukia puani. Kibuyu hupinduliwa, kichwa cha mtu je? Humo vijinyweleo visivyoonekana kwa macho huyasukuma makamasi yapande hadi tunduni. Tundu likizibwa na uvimbe, makamasi hutuama na shavu huuma.

Tangu miaka ya 1890 wapasuaji walifuata njia ya George Caldwell wa Marekani na Henry Luc wa Ufaransa: kukata ufizi wa juu, kutoboa mfupa na kukwangua utando. Wengine walitoboa tundu jipya upande wa chini, wakitaraji uchafu uteremke wenyewe. Walter Messerklinger wa Graz, Austria, alionyesha kuwa vijinyweleo huendelea kuyapeleka makamasi kwenye tundu la asili, hata lango jingine likiwa wazi. Basi kinachostahili kutengenezwa ni mlango ule ule wa zamani.

Leo mpasuaji hupitisha puani mrija wa milimita 4 wenye taa na lenzi, huondoa kijifupa kinachoficha tundu, kisha hulipanua. Usoni hapabaki kovu. Hata hivyo, jicho na ubongo vimetengwa na eneo hilo kwa mifupa myembamba mno. Ndiyo sababu picha za CT hutangulia.

Wala si kila mafua yahitajiyo kisu. Ugonjwa huitwa sugu ukifikia wiki 12, na upasuaji hufikiriwa baada ya maji ya chumvi na dawa za steroidi za kupuliza puani kushindwa. Usaha wa upande mmoja wenye uvundo mara nyingi hutokana na gego la juu lililooza. Jino hilo lisipotibiwa, ugonjwa hurudi hata tundu likipanuliwa. Mgonjwa wa namna hiyo humhitaji daktari wa meno pia.