Komba Mwembeni, Bakteria Kwapani

Leo naanika siri ya chumbani. Mwaka wa tatu tangu tuhamie Mbezi Luis, mume wangu alianza kunigeuzia mgongo kitandani. Nikajua tu: nanuka kikwapa! Nikawa naoga mara nne kwa siku na kusugua makwapa kwa dawa ya kusafishia vidonda, mpaka ngozi ikababuka.

Usiku nao, komba wanalia kwenye mwembe wetu kama mtoto mchanga. Jirani akanitonya, "Mwenzangu, hao wametumwa. Kata mti!" Nikanunua panga.

Aliyenizindua ni nesi mmoja. "Jasho lenyewe halinuki, mdogo wangu," alisema. Kumbe kuna bakteria wa ngozini, kama Staphylococcus hominis, wanaolivunjavunja jasho la kwapa na kutoa ile harufu. Wamejificha mpaka kwenye vitundu vya vinyweleo, hawaishi kwa kuoga. Ndugu yao, Staphylococcus epidermidis, hushika nafasi ambayo vijidudu vibaya vingekaa. Ukiunguza ngozi, unafukuza walinzi wako mwenyewe.

Nikamkumbuka komba. Naye ana harufu yake: baadhi hujikojolea viganja na nyayo, kila tawi wanaloshika linabaki na alama. Tofauti ni kwamba komba anawapa wenzake habari, wakati bakteria anakula tu, na harufu ni makombo yake. Lakini wote ni wenyeji. Mmoja alikuwa mwembeni kabla sijajenga, mwingine yuko mwilini mwangu tangu utotoni. Tena Msitu wa Pande, si mbali na hapa, una komba wa Rondo, mwenye gramu 60 hivi, aliye hatarini kutoweka kwa sababu sisi tunakata miti. Sasa nani kamroga nani?

Basi nikaacha dawa kali. Sabuni ya kawaida, kujikausha vizuri, shabu kidogo, blauzi ya pamba iliyofuliwa. Halafu nikajikaza: "Baba Neema, hivi nanuka?"

Akashusha pumzi. "Hukuwa unanuka, Mama Neema. Lile lidawa lako ndilo lilikuwa linanipasua kichwa. Nilishindwa nikwambieje."

Miezi yote hiyo! Tulicheka mpaka komba wakanyamaza. Panga sasa nafyekea majani. Shosti, kabla hujafukuza kitu nyumbani kwako, muulize kwanza unayelala naye.